Mwalimu Hamam na Kicheko cha Naguib al-Rihani

Naguib al-Rihani, aliyezaliwa Kairo mwaka 1889, alipata sifa yake ya kwanza kwa kuwachekesha watu wa mjini juu ya mtu wa shamba. Mwaka 1916 alimzua Kishkish Bey, mkuu wa kijiji mwenye fedha nyingi na akili haba, ajaye Kairo kustarehe na kurudi mifuko mitupu. Watazamaji walifurika. Walakini kicheko cha namna hiyo ni chepesi, kwani achekaye hajioni ndani yake.

Rihani alitaka zaidi. Mwaka 1931, pamoja na mwandishi mwenzake Badi' Khayri, aliugeuza mchezo wa Mfaransa Marcel Pagnol uitwao Topaze ukawa Pauni ya Misri. Humo mwalimu mwaminifu afukuzwa shuleni, kisha ajifunza kwamba fedha ndiyo sheria. Mchezo haukupendwa. Huenda watu walikuwa wakimtaka Kishkish wao. Lakini nadhani mchezo wenyewe nao una kasoro, maana mwalimu akishageuka mlaghai, hatubakiwi na mtu wa kumhurumia.

Mwalimu huyo alirudi katika filamu Ghazal al-Banat, iliyoongozwa na Anwar Wagdi na kuonyeshwa mwaka 1949, Rihani akiwa amekwisha kufariki tarehe 8 Juni. Sasa aitwa Hamam, mwalimu wa Kiarabu aliyeachishwa kazi, akaajiriwa kumfundisha binti wa Pasha. Afikapo katika jumba lile awainamia watumishi mmoja baada ya mwingine, hata mtunza mbwa, kwa kuwa wamevaa vizuri kumpita yeye. Na Pasha mwenyewe, aliye katika nguo za bustanini, amdhania mtunza maua na kumkaripia. Sisi tufundishao lugha twacheka hapo kwa shida kidogo. Sarufi aijua yote, wala hakuna mlango inaoufungua.

Safari hii Rihani hakumpa mwalimu wake utajiri wala hila. Ampenda mwanafunzi wake, Layla Murad, na hampati. Mtu aweza kulalamika kwamba mwishoni hadithi yasimama ili Muhammad Abdel Wahab aimbe, na kweli yasimama. Lakini tazama uso wa Hamam asikilizapo: machozi yamtoka, na kile kinywa kilichotuchekesha muda wote chatetemeka kama kinachotafuta mzaha mmoja zaidi, kisiupate.