Ua, Kiwanda na Behewa: Uhakiki wa Nyumba za Uwazi wa Ndani

Miongoni mwa mambo yanayopendwa siku hizi na wajenzi wa Afrika ya Mashariki ni nyumba yenye uwazi katikati, iliyozungukwa na vyumba pande zote, kwa mfano wa nyumba za kale za nchi zinazopakana na Bahari ya Mediteranea. Kuta huwa nyeupe, milango ya tao, na aghalabu huwapo birika la maji na mti mmoja wa kivuli. Nyumba hizi husifiwa kwa sura zake, na sifa hizo si za bure. Hata hivyo, lipo swali ambalo wasifuji hawaliulizi: uwazi ule wa katikati waitwaje kwa Kiswahili?

Jibu la upesi ni ua. Lakini ua, ambalo wingi wake ni nyua, kwa asili ni kizuio: ni boma la makuti, mabua au miti, na baadaye ndipo jina likahamia mahali palipozungushwa. Asemaye ua ameanza kwa kutaja ukuta. Kiswahili hakikukosa maneno yaliyoanza kwa kuutaja uwazi wenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu, mtu akiisha kupita daka na tekani huingia kiwanda, yaani uwanja usio na dari, ambao ndio uzipao misana na vyumba vya ndani mwanga na hewa. Kadhalika behewa lilikuwa jina la uwanja wa ndani ya nyumba. Leo kiwanda kimechukuliwa na mitambo, na behewa limechukuliwa na gari-moshi. Nyumba zimerudi, lakini maneno yake hayakurudi nazo.

Hasara hii si ya kamusi peke yake. Yatazamwe makao ya watoto ya SOS huko Tadjourah, Jibuti, yaliyokamilika mwaka 2014 kwa ramani ya Urko Sánchez, Mhispania aliyepata kujenga Lamu na Mombasa pia. Nyumba 15 zilipangwa kwa mfano wa mji wa kale wa Kiarabu, wenye vichochoro vyembamba vya kivuli visivyoingia magari. Kazi hiyo yastahili kusifiwa, kwa kuwa hapo uwazi ulitangulia na kuta zikaufuata. Tena nchi ile ni ya jua kali na mvua haba, nayo yahitaji kivuli kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa mfano huohuo na upelekwe Tingi, katika wilaya ya Nyasa iliyokuwa zamani sehemu ya Mbinga, kati ya milima ya Umatengo na Ziwa Nyasa. Huko mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, na nyingi hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mapaa manne yakielekezwa ndani, maji yote huanguka mlangoni pa mwenye nyumba. Mlimani usiku ni baridi, na uwanja mwembamba uliobuniwa kulikimbia jua huwa tope lisilokauka. Ziwani, kwenye kimo kisichofika meta 500, joto lipo. Lakini dawa yake ni upepo wa ziwa, nao huzuiwa na ukuta uleule unaosifiwa. Tena mwenye kuanika usipa na mihogo hutaka jua, hataki kivuli.

Wamatengo hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuyatuliza maji kati ya kingo nne. Kilimo chao cha ngolo ndicho hicho: nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, hufunikwa kwa udongo, na katikati ya matuta hubaki shimo linalopokea mvua ili isiuchukue mlima. Mjenzi atakaye uwazi wa ndani katika nchi hiyo angeanza kwa kuchungulia shamba, kisha ndipo afungue kitabu cha picha za Andalusia.

Wala hawakukosa neno. Sengu ni jina la kikao na la mahali pake pamoja: watu wa ukoo mmoja hukutana kwa mzee wao, chakula huletwa kutoka kila nyumba, na baada ya kula mashauri hukatwa na vijana hufundishwa. Desturi hii imedhoofika, ijapokuwa haijasahauliwa. Sengu haina ukuta. Kinachoifanya iwe ni nani aliyeitwa na nani aliyekuja na chakula. Kwa kipimo hicho, nyumba nyingi mpya zenye uwazi ni nyumba zenye nyua tu: uwazi upo, birika lipo, na hapana anayeketi.

Kwa hiyo watungao kamusi na orodha za istilahi wasiridhike kuandika ua mahali pote. Kiwanda na behewa virudishiwe maana zake za nyumbani, zikae kando ya zile za mitambo na reli, kama maneno mengi yakaavyo na maana mbili bila ugomvi. Sengu nayo iandikwe pamoja na watu wake. Mjenzi akipewa neno la ukuta atajenga ukuta. Akipewa neno la kikao, huenda akauliza kwanza ni wangapi watakaoketi.