Hesabu ya Miti na Uzima wa Msitu

Mpango wa Rais Félix Tshisekedi uitwao Bustani ya Shule ulitaka ipandwe miti miliari 1 katika Kongo yetu mpaka mwaka 2023. Kuwafundisha watoto kupanda ni jambo jema, wala hatulilaumu. Tunalolaumu ni namna ya kuhesabu. Hesabu ya miche haisemi kama mche ulinyweshwa wakati wa kiangazi, wala kama ulipona moto wa vichaka. Ni kama kuhesabu waliobatizwa, bila kuuliza nani angali anakuja Misa.

Tena msitu wenyewe una vipimo viwili. Shirika la FAO, huko Roma, huita msitu mahali penye nusu hekta au zaidi, penye miti ipitayo mita 5, na kivuli cha majani kifunikacho zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Nchi yetu imechagua mita 3 na asilimia 30. Basi miombo ya Dilolo ikibakiwa na kivuli cha asilimia 20, kule Roma ni msitu, lakini Kinshasa si msitu! Na shamba la mikaratusi huhesabiwa sawa na miombo ya kale, ingawa halitupi viwavi vya kula wala dawa za wazee wetu.

Haya si mabishano ya wenye elimu tu. Sifa na fedha za mataifa hufuata hesabu hizo, lakini jamaa wanaochoma makala ya kuuza Kolwezi hawapati kitu humo. Mwenye njaa hatazuiwa na tarakimu.

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliliita bonde la Kongo mapafu ya dunia, pamoja na lile la Amazon. Maji yetu huingia Kasai, na Kasai huingia Kongo. Basi neno lake latuhusu.

Tufanye nini? Amri ya mwaka 2014 yaruhusu wenyeji kupewa msitu wao wenyewe, mpaka hekta 50,000. Machifu na wakristu waulize habari zake. Tukumbuke pia kwamba kisiki cha miombo huchipuka chenyewe kikikingwa na moto, ingawa hakuna anayekiandika kitabuni. Na kila shule iliyopanda ihesabu tena mwaka wa tatu, ikiandika miti iliyo hai tu. Hesabu hiyo itakuwa ndogo, lakini itakuwa ya kweli.