Devi ya umeme inakosea pande mbili

Leo naacha mbegu na mbolea pembeni. Kuna karatasi yenye inazunguka sana hapa Goma, kila pahali magorofa yanapanda: devi ya umeme ya jengo la biashara. Fundi anahesabu taa, priza, frigo na kompyuta, anaandika wati za kila kimoja, anajumlisha, kisha anatoa ukubwa wa kebo, wa disjonkteri na wa jenereta. Mwenye jengo anasaini. Nimesoma kadhaa, na nasema wazi: nyingi hazifai.

Kwanza zinazidisha. Tuseme jumla ni kilowati 40. Je, vyote vinawaka saa moja? Hapana. Ndiyo maana wahandisi wanaingiza namba mbili: moja ya kuonyesha kila mashine inatumia sehemu gani ya nguvu yake, ingine ya kuonyesha ngapi zinafanya kazi pamoja. Kanuni za kimataifa za kabati za umeme zinakubali kuzidisha kwa 0.6 pale saketi ni 10 ao zaidi na hakuna habari bora juu ya mzigo. Basi 40 inakuwa 24. Kwa fazi tatu za volti 380, na kosinusi fi ya 0.85, unatoka ampea 71 unafika 43. Hizo ni dola za kebo, na ni jenereta kubwa yenye inakunywa mazutu siku yote juu ya mzigo mdogo.

(Wengine wanajifunza kwa video za Wamarekani. Vile wanapanga mawazo ni vizuri, lakini kule priza ni volti 120, hertz 60, na jengo wanalipima kwa futi. Usinakili namba zao.)

Pili zinapunguza, na hapa mtu wa kilimo nakasirika kabisa. Chumba cha baridi cha tomsoni, cha sambaza ao cha maziwa ya Masisi kinaandikwa kilowati 4, mstari mmoja, kama vile birika ya kupasha maji. Kumbe kompresa iko na mota. Ikitembea inavuta ampea 8 ao 9; ile dakika ya kuanza, kama inawashwa moja kwa moja, inavuta mara 5 mpaka 8 ya hapo. Kwenye jenereta ndogo volti zinaanguka, mota inanguruma bila kuzunguka, waya zake zinapata moto.

Na ile 0.6 yenyewe haifai kumezwa nzima hapa kwetu. Inategemea kwamba frigo zinapokezana: hii inalala, ile inaamka. Umeme ukikatika masaa matatu, zote zinapata joto. Ukirudi, zote zinaanza pamoja. Tangu sheria ya 2014 ifungue soko, tuko na SNEL, tuko na Virunga Energies na maji yake ya Matebe, tuko na Nuru na jua lake la megawati 1.3 tangu 2020. Lakini hakuna mwenye kuuza umeme anayekuondolea ile dakika ya kurudi. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kuchelewesha: kompresa ya kwanza inaanza, ya pili inangoja dakika mbili, ya tatu ine. Katika devi zote nilizosoma, hicho kifaa sikukiona hata mara moja.

Mafundi wako na jibu, na si la bure: mpangaji anabadilika. Leo butiki ya simu, kesho saluni yenye kukausha nywele kwa vyombo vinne vya wati 2000. Sawa. Basi waandike akiba hiyo kwenye mstari wake, na bei yake, mwenye jengo aione na aamue. Sasa hivi inafichwa ndani ya jumla, na mama mwenye kupanga chumba cha baridi ndiye anatupa samaki.