Jumuiya, Mapatano, na Mtu Asiye na Kwao

Wasomaji wetu wengi, hasa walio walimu katika shule za misioni na vyuo vya theolojia, wamepata kusikia jina la Ferdinand Tönnies, ijapokuwa ni wachache waliokisoma kitabu chake. Alizaliwa mwaka 1855 katika nchi ya Schleswig, kaskazini ya Ujerumani, mwana wa mkulima mwenye mali. Na mwaka 1887 alitoa kitabu kiitwacho Gemeinschaft und Gesellschaft. Kwa miaka 25 hakikusomwa sana. Kilipochapwa mara ya pili mwaka 1912 ndipo kilipoenea, na tangu hapo wengi waandikao habari za maisha ya kale na maisha ya kisasa hutumia mizani yake, hata wasipomtaja. Tumekusudia kuipima mizani yenyewe, kwa maana ilitumika katika nchi yetu, tena kanisani, nasi twaona ya kuwa ina upungufu ambao lugha ya Kiswahili yaweza kuuonyesha.

Kazi ya kwanza ni kuyafasiri maneno hayo mawili, nayo si kazi nyepesi. La kwanza twaliita jumuiya, yaani umoja ambao mtu huzaliwa au hukua ndani yake pasipo kuuchagua. Tönnies auona una mashina matatu: damu, mahali, na roho, ndio kusema jamaa, majirani, na marafiki wa nia moja. La pili wengine hulifasiri "jamii", nasi hatukubali, maana jamii ni neno pana lenye kubeba hali zote mbili. Twapenda kusema "mapatano": ni hali ya watu wasiojuana, wakutanao kwa kubadilishana kitu kwa kitu, kila mmoja akiangalia faida yake, na kinachowaunga ni mkataba, fedha, na sheria ya serikali. Mwandishi hakukusudia kusema kwamba moja ni njema na ya pili ni mbaya. Lakini mtu akiifananisha hali moja na mwili ulio hai, na ya pili na chombo kilichoundwa kwa mikono, msomaji hujua moyo wake umelala wapi.

Émile Durkheim, Mfaransa, alikiarifu kitabu hicho mwaka 1889, akaikubali sehemu ya kwanza na kuikataa ya pili. Miaka minne baadaye, katika kitabu chake juu ya kugawana kazi, aliigeuza mifano juu chini: umoja wa watu wa kale ndio aliouita wa kimashine, kwa sababu wote hufanana, na umoja wa watu wa kisasa ndio aliofananisha na mwili, kwa sababu kila kiungo kina kazi yake na chamhitaji mwenziwe. Waalimu hupenda sana kuwapambanisha wawili hawa mbele ya wanafunzi, nasi tumefanya hivyo mara nyingi. Ila twakiri kwamba mashindano hayo yanatusaidia kidogo tu, maana wote wawili wauliza ni kitu gani kiwaunganishacho watu, wala hakuna hata mmoja aanzaye kwa kuuliza habari za yule asiyeunganishwa na mtu.

Aliyezileta fikira za namna hii milimani kwetu ni Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig. Alifika Kilimanjaro mwaka 1902, na tangu 1910 akawa Moshi ya Kale, hata mwaka 1938 alipoondoka, isipokuwa miaka ile ya baada ya vita, 1920 mpaka 1925, aliyokuwa kwao. Hakuna Mzungu wa siku zile aliyeandika desturi za Wachaga kwa bidii kama yeye: sheria zao mwaka 1926, na mafundisho ya jando katika vitabu vitatu kati ya 1932 na 1938. Tena alilifasiri Agano Jipya katika Kichaga cha Moshi. Kila tumfunguapo twajifunza kitu, na hayo tutakayosema hayaondoi deni letu kwake.

Gutmann alishika vifungo vitatu: ukoo, ujirani, na rika. Mungu, kwa maoni yake, ndiye aliyeviumba vifungo hivyo. Mmisionari asivikate, bali ajenge kanisa juu yake. Hata vijana wa kipaimara aliwafunga katika vikundi vidogo vya usaidizi, kwa mfano wa rika la kale. Kitabu chake cha mwaka 1925 juu ya kulijenga kanisa kwa Injili chaeleza hayo yote. Adui aliyemwogopa ni yule mtu mmoja mmoja wa mji wa Ulaya, aliyekatwa na ndugu zake na kuachwa na mshahara wake. Hapo Gutmann na Tönnies wasimama karibu sana, ila pale ambapo Tönnies ataja urafiki wa nia moja, yaani kifungo kimoja ambacho mtu aweza kukichagua, Gutmann aweka rika, ambalo halichaguliwi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo. Kwetu ni kubwa, nayo yatupeleka kwenye jambo la uhuru.

Wajerumani hawa waudhani uhuru kuwa ni mali ya hali ya mapatano: mtu huwa huru akitoka. Kiswahili cha zamani hakisemi hivyo. Aliye huru ni mwungwana, na mwungwana ni mwenye kwao, mwenye watu wa kumdai, kumtetea, kumwoza, na kumzika. Kwa hiyo neno hilo hilo likawa na maana ya mtu wa adabu. Mtumwa, kwa asili ya neno, ni mwenye kutumwa. Lakini kilichomfanya atumwe ni kukosa jamaa wa kumtetea. Methali yetu yasema, "Mkataa kwao mtumwa." Igor Kopytoff na Suzanne Miers, katika kitabu walichokihariri mwaka 1977 juu ya utumwa katika Afrika, walifika papo hapo kwa njia ya elimu: katika nchi nyingi za Afrika kinyume cha utumwa hakikuwa kuachiliwa peke yako, bali kuwa na watu wako.

Basi je, Gutmann ameshinda? Watu wengi wakifika hapa hufurahi na kufunga kitabu, wakisema Afrika ilikuwa na jumuiya na uhuru pamoja. Twawasihi waitazame tena ile methali. Yamlaumu mkataa kwao. Haisemi neno juu ya aliyetekwa. Mtoto aliyechukuliwa Unyasa akapelekwa Kilwa hakukataa kwao, kwao kulimpotea. Methali yamhesabu pamoja na mtovu wa adabu, kana kwamba hali yake ni kosa lake. Ndivyo mwungwana alivyoona, naye mwungwana ndiye aliyetunga methali. Hata Kilimanjaro, siku za Mangi Rindi wa Moshi, aliyefariki mwaka 1891, misafara ya pwani ilinunua pembe na watu. Vifungo vile vitatu vilikuwapo. Tena mateka aliuzwa kwa sababu vilikuwapo, naye alikuwa nje yake.

Wasomaji walio Mombasa wajua habari za Freretown, iliyoanzishwa na C.M.S. mwaka 1875. Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo walishushwa pale kutoka majahazi yaliyokamatwa. Hawakuwa na ukoo wa kujengea kanisa, wala rika, na ujirani wao ulikuwa mistari ya nyumba iliyopimwa na mmisionari. Karibu nao, Rabai, walikuwako watoro. Mwisho wa mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipatana na wenye watumwa na kuwalipa fidia, kisha watoro wakapewa karatasi za uhuru. Karatasi! Hapa mapatano yamefanya kazi ambayo hakuna jumuiya yo yote iliyokubali kuifanya. Katika watu hawa walitoka walimu, mafundi na makasisi. Kwa kipimo cha Gutmann kanisa lao halina msingi. Kwa kweli ni katika makanisa ya kwanza ya pwani.

Neno jingine lastahili kutazamwa, nalo ni kibarua. Kwanza lilikuwa cheti kidogo alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akirudishe apate ujira. Baadaye mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la cheti chake. Ni nani aliyewahi kuieleza hali ya mapatano kwa ufupi kuliko neno hili? Mtu amekuwa karatasi. Hata hivyo Georg Simmel, aliyeandika juu ya fedha mwaka 1900, aliona upande wa pili: anayedaiwa fedha au kazi iliyopimwa ana nafasi zaidi kuliko anayedaiwa nafsi yake nzima. Utumwa ulipoondolewa Unguja mwaka 1897, wako waliobaki katika mashamba ya mabwana wa zamani, na wako waliochagua cheti. Hatuwezi kuwacheka hao wa pili.

Wala jumuiya haikuacha kuwatoa watu nje baada ya utumwa kwisha. Desturi ya kihamba humtunza mwana wa kwanza na mwana wa mwisho. Wa katikati hujitafutia. Ardhi ilipokuwa nyingi haikudhuru. Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya sheria za mila Kilimanjaro, aonyesha jinsi ardhi ilivyopungua, kahawa ikaipandisha thamani, na ndugu wenye nguvu wakawabana ndugu wanyonge kwa maneno yale yale ya ukoo. Nyerere, aliyeandika Ujamaa mwaka 1962, alikiri mwaka 1967 kwamba wanawake katika maisha ya kale hawakupewa heshima sawa. Lakini ilipofika mwaka 1973 watu waliamriwa kuhamia vijijini, na neno lililotoka katika jamaa likasimamiwa na askari. Jumuiya isiyoruhusu mtu kukataa haijatofautiana sana na mkataba usioruhusu mtu kuuvunja.

Ndiyo sababu hatuipokei mizani ya Tönnies kama ilivyo, ingawa twamheshimu mtu aliyewapinga Wanazi waziwazi, akanyang'anywa cheo na malipo yake mwaka 1933, wakati wengine walipoligeuza neno lake la jumuiya kuwa silaha ya kuwatupa Wayahudi nje. Katika miji yetu leo chama cha kuzikana kina katiba, daftari, ada na faini, yote ni mapatano matupu. Na kazi yake ni ile ya ukoo, kumchukua maiti na kukaa na wafiwa. Wanachama huitana ndugu. Tönnies angekiweka upande gani?

Pale pale Moshi, chini ya mlima wa Gutmann, wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Neno la chama cha namna hiyo ni ushirika. Walutheri wa mlima ule huliita kanisa la mahali usharika. Shina ni moja, na mara nyingi mtu ni yule yule: Jumatatu amepima kahawa yake ikaandikwa katika daftari, Jumapili amepokea mkate pamoja na jirani aliyesimama nyuma yake katika mstari wa mizani.