Vita vya Shungi Moja

Lodi mmoja kijana wa Uingereza, wa ukoo wa Petre, alimkata binti Arabella Fermor shungi la nywele bila ridhaa yake. Koo zao, zote za Kikatoliki, zikanuniana. Rafiki yao John Caryll akamwomba mshairi Alexander Pope atunge kitu cha kuwachekesha ili wapatane. Mshairi mwingine angetoa nasaha. Pope alilichukua shungi lile akalipeleka kwa Homer.

Ufundi huu naustahi kuliko kejeli nyingine zote za ushairi. Jambo dogo halidunishwi, linakuzwa, na kupewa kila heshima ya utenzi wa vita. Belinda, ndiye Arabella ndani ya utungo, anakaa mbele ya kioo, na poda na pini zake zinapangwa kama silaha za shujaa aendaye vitani. Roho wa angani 50 wanawekwa zamu kulilinda gagulo lake. Karata zinapigana kama majeshi. Wala beti hazitetereki: mizani 10 kwa mshororo, vina viwili viwili, umbo lilelile ambalo baadaye Pope alilitumia kuutafsiri utenzi wa Homer, Iliad. Joho ni la mfalme. Msomaji mwenyewe ndiye anayeona jinsi aliyelivaa alivyo mfupi.

Utungo huo, The Rape of the Lock, ulitoka mwaka 1712 ukiwa na sehemu mbili, ukafika tano mwaka 1714. Katika sehemu ya tatu pana mishororo miwili inayonishtua kila niisomapo: mahakimu wana njaa, wanaharakisha kutia sahihi hukumu, na watu wananyongwa ili wazee wa baraza wakale chakula. Kisha tunaendelea na karata na kahawa. Pope hakemei neno. Anayaweka maisha ya mtu kando ya meza ya mchezo, na jamii inayolilia nywele inajihukumu yenyewe.

Mwaka 1717 aliongeza hotuba ya Clarissa, aliyempa Baroni, yule lodi ndani ya utungo, mkasi wa kulikatia shungi: uzuri hupita, heri moyo mwema. Ni maneno ya busara kabisa, na hakuna anayempigia makofi. Hapo namwona Pope katika kilele chake, kwa kuwa anaiacha hekima ishindwe mbele ya macho yetu na vita viendelee, mpaka Belinda anamrushia Baroni ugoro puani, na mshindi wa shungi anapiga chafya ukumbi mzima ukavuma.