Watu 140, Simu 12

Mkutano wetu wa kwanza wa mtandaoni na wakulima wa viazi mviringo ulipangwa kuanza saa nne asubuhi. Tulialika watu 140: wa Kilolo na Mufindi mkoani Iringa, wa Rungwe na Mbeya Vijijini mkoani Mbeya. Kuwakusanya ana kwa ana kungemaanisha nauli, malazi na siku tatu za shamba kupotea. Tukatuma kiungo kimoja cha Zoom, akaunti ya bure. Akaunti hiyo hupokea watu 100 na hukata baada ya dakika 40. Tulijua, tukajipa moyo kwamba wote hawatafika.

Walifika. Waliowahi kuingia walikuwa watu wa mjini wenye simu nzuri: maafisa ugani, wauza pembejeo, wanafunzi wa kilimo. Wakulima waliopanda kilimani kutafuta mtandao walikuta nafasi zimejaa. Dakika ya 40 ilitukuta bado tuko kwenye salamu na "mnatusikia huko?"

Mara ya pili tukalipia webina. Wote wakaingia. Webina ni jukwaa: wachache wanasema, waliobaki wanasikiliza na maswali wanaandika. Kama una tangazo, kwa mfano bei, tarehe au kanuni mpya, sijaona njia inayoishinda. Lakini mkulima aliyezoea kuuliza kwa mdomo haandiki swali kwa kidole chenye udongo juu ya kioo kilicholowa mvua. Tulipata maswali manne, yote kutoka kwa watu wa ofisini.

Tukakaa chini kupiga hesabu. Katika dakika 60, watu 8 wanapata dakika 7 na ushee kila mmoja. Simu ya kikundi ya WhatsApp inawatosha kabisa. Watu 30 wanapata dakika 2 kila mmoja, na ukiwa na mwenyekiti mkali inawezekana. WhatsApp yenyewe hubeba hadi 32. Watu 140 hawafikii hata nusu dakika. Kosa letu lilikuwa kuuliza programu inachukua watu wangapi, badala ya kuuliza wangapi kati yao ni lazima wasikike.

Nchi hii ilishalijibu swali hilo kwa redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifikia watu wapatao milioni 2, na redio, kama webina, haimpi msikilizaji nafasi ya kusema. Waandaaji wakafundisha viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Kila kikundi kilisikiliza kipindi pamoja, kikasoma kijitabu, kikajadili, kikaamua la kufanya: kufyeka majani, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo. Gawanya, utapata watu 27 hivi kwa kila kiongozi. Redio ilisema na mamilioni, lakini mazungumzo yalifanyika kwa watu 27. Nasikitika kwamba tunapanga mikutano ya mtandaoni kana kwamba kazi ile haikufanyika.

Tukaiga. Vyumba 12: ofisi za vijiji, ukumbi wa kanisa, ghala la chama cha ushirika. Kila chumba simu moja na kiongozi mmoja, ambaye siku mbili kabla tulimfundisha kujiunga, kufunga na kufungua maiki, na kugawa zamu. Bando la simu 12 tuliweza kulilipia. La simu 140 tusingeliweza. Mtaalamu alizungumza dakika 15, sauti tupu, video zote zimezimwa. Kisha maiki zikafungwa dakika 20, kila chumba kikajadili chenyewe, na mtandao ukikatika hapo hakuna kinachoharibika. Dakika 25 za mwisho zilikuwa za viongozi, kila mmoja na swali moja walilokubaliana chumbani. Njia hii inategemea sana viongozi hao. Vyumba viwili vilikuwa na viongozi waliopenda kusema wao, na maswali yao yalifanana na yale ya webina.

Kilolo spika ya simu ilikuwa dhaifu. Kiongozi akaitumbukiza simu katika bakuli la bati, sauti ikajaa chumba, wazee wakasogeza mabenchi. Zamu yao ilipofika, mama mmoja akafungua fundo la kanga akatoa jani la kiazi lenye mabaka meusi. Simu ikatolewa bakulini, tukawasha video ya chumba hicho peke yake. Picha ilikuja kwa kukwamakwama.

"Kamwene, mama," mtaalamu akasema. "Naomba uligeuze, nione chini yake."

Akaligeuza. Pembezoni mwa baka kulikuwa na utando mweupe kama unga: ukungu wa viazi. Kabla mtaalamu hajaendelea, mtu wa chumba cha Rungwe akafungua maiki bila kuitwa.

"Hilo hata kwetu lipo. Tangu juzi."