Mwalimu Nyerere, Mshairi na Mfasiri

Katika wilaya yetu ya Rungwe jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere lajulikana kwa wazee na kwa watoto pia. Twamjua kuwa ndiye aliyeongoza Tanganyika kufikia Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na kuwa Rais mpaka mwaka 1985. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kuishika mikononi kazi yake ya kalamu. Leo twataka kuyapima mashairi na tafsiri zake, si kwa kumsifu kwa ajili ya cheo alichokuwa nacho, bali kama fundi apimavyo kazi ya fundi mwenzake. Maana kitabu hakiwi kizuri kwa sababu mwandishi wake alikuwa mkubwa.

Kwanza yafaa tujue alikotoka. Alizaliwa Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, mwezi Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Basi lugha aliyoinyonya kwa mama yake ilikuwa Kizanaki, nacho Kiswahili alikipata shuleni, alipoanza kusoma Musoma mwaka 1934. Toka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere. Alibatizwa mwaka 1943, akafanya kazi ya ualimu Tabora, na mwaka 1949 akaenda kusoma Edinburgh katika nchi ya Uskoti. Aliporudi alifundisha Pugu, hata siasa ikamwondoa darasani. Jina la Mwalimu likabaki naye mpaka alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Habari hii ya lugha yatuhusu sana sisi wa Rungwe. Watoto wetu nao husema Kinyakyusa nyumbani, na wengi wao Kiswahili hukikuta mlangoni mwa shule. Mara nyingi tumewasikia wakisema ya kwamba ushairi ni kazi ya watu wa Pwani, na ya kwamba mtu wa milimani hawezi kupanga vina. Lakini Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, naye Nyerere Mzanaki. Wote wawili waliingia katika nyumba ya ushairi wa Kiswahili, wakapewa kiti. Basi hoja ya watoto wetu haina miguu. Kinachotakiwa ni kujifunza sheria za nyumba kabla ya kuingia.

Tafsiri yake ya kwanza iliyojulikana sana ni ule mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar. Ilipigwa chapa mwaka 1963, mwenyewe akiwa ni Rais wa Tanganyika, kisha akaitengeneza upya, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tazameni jambo hili: kisa cha mtawala aliyeuawa na rafiki zake, kwa kuwa walichelea asije akajifanya mfalme, kiliwekwa mikononi mwa wananchi na mtawala mwenyewe. Hakukificha. Aliyekisoma alifundishwa kuuliza, Je, mwenye mamlaka apimwe kwa nini? Tena, Je, waliomwua walipata walichokitafuta, au walileta vita tu? Hayo ni maswali mazito kwa nchi changa, na kwa nchi nzee pia.

Kwa habari ya ufundi, Nyerere alifanya jambo lililowashangaza washairi wengi. Shakespeare aliandika sehemu kubwa ya mchezo ule kwa mistari yenye mapigo yaliyopangwa, lakini isiyo na vina mwishoni. Nyerere naye akaiacha bila vina. Kwa desturi ya Pwani, shairi lisilo na vina ni kama nyumba isiyo na paa. Lakini sisi twaona alifanya vema. Mtu anenaye mbele ya umati, akiwa na hasira au hila moyoni, hawezi kusimama kila mara kutafuta kina. Maneno yake lazima yaende mbio kama maji ya Mto Kiwira wakati wa masika. Vina vingeyafunga. Mfasiri aliyatazama maji kwanza, ndipo akachagua chombo.

Mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Hapa hatuwezi kusifu bila kuuliza. Neno bepari lilitoka Bara Hindi, na maana yake ya zamani ni mfanya biashara tu. Kwa hiyo si kosa la kamusi. Lakini Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na baada yake neno hilo halikuwa tena neno tupu. Lilikuwa jina la mtu anyonyaye jasho la wenziwe. Tena Shakespeare alitaja mfanya biashara mmoja, yaani Antonio. Nyerere akaandika mabepari, wengi. Hivyo msomaji afungua kitabu akiwa amekwisha kusikia hukumu kabla ya mashahidi kuitwa.

Je, tuseme amepotosha? Jibu letu lina pande mbili. Upande mmoja, mfasiri ni kama mpagazi: mzigo si wake, wala hana ruhusa ya kutia jiwe lake ndani. Upande wa pili, wingi ule watoa fundisho ambalo wasomaji wengi hulikosa. Katika kisa kile, Shailoki Myahudi amemkopesha Antonio dukati 3,000 kwa miezi mitatu, na asipolipwa atakata ratili moja ya nyama ya mwili wake. Kwa miaka mingi Wakristo wa Ulaya walimcheka Shailoki kwa sababu ni Myahudi, wakajiona wao ni wema. Lakini neno mabepari lamweka Antonio Mkristo katika kundi moja naye. Lasema, Ninyi nyote mwapima watu kwa fedha. Basi jina la kitabu limeongeza kitu kisichokuwamo, nalo limeondoa dharau ambayo haikustahili kuwamo. Sisi tungalipenda mfanya biashara abaki mmoja. Walakini hatuthubutu kusema kwamba aliyechagua wingi hakuwa na sababu.

Sasa twaja kwenye kazi yake ya uzeeni, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na nyumba zetu. Mwaka 1996 zilitoka Tenzi za Biblia, ambazo ndani yake alizitia Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika utenzi wa Kiswahili. Yeye si wa kwanza. Mnyampala alikuwa amekwisha kutunga Utenzi wa Enjili Takatifu kabla ya kufa kwake mwaka 1969. Hata katika nchi za mbali watu walifanya hivyo: padre Juvencus wa Hispania aliitia Injili katika mashairi ya Kilatini karibu na mwaka 330, na katika karne ya 9 Wasaksoni wa Ujerumani walikuwa na utenzi wao wa maisha ya Yesu, uitwao Heliand. Kila taifa likiisha kuipokea habari, hutaka kuisimulia kwa sauti yake lenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Utenzi una sheria ngumu. Kila ubeti una mistari minne, na kila mstari mizani nane. Mistari mitatu ya kwanza yafanana kwa kina, na wa nne huchukua kina kimoja toka mwanzo wa utenzi mpaka mwisho. Haya, hesabuni vidole. Yohana Mbatizaji: Yo-ha-na-M-ba-ti-za-ji. Ni mizani nane kamili, mstari umekwisha. Bahari ya Galilaya, nane vile vile. Lakini Pontio Pilato ni sita tu. Hapana budi mtunzi atafute mizani mbili za kujazia. Hapo ndipo hatari ilipo. Neno la kujazia likiwa jepesi, hapana dhara. Likiwa na maana yake lenyewe, limeongeza Maandiko.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Panapo safari, dhoruba, karamu au mashitaka, utenzi watembea kwa miguu yake mwenyewe, kwa kuwa tangu zamani ni chombo cha kusimulia. Utendi wa Tambuka wa Pate, wa mwaka 1728, ni ushahidi. Lakini panapo neno fupi la Yesu, ambalo katika Biblia yetu limekwisha kukamilika kama yai, utenzi huona taabu. Ukiongeza mizani, waliharibu yai; ukipunguza, wamwaga kiini. Hakuna mtunzi awezaye kulikwepa jambo hili siku zote, hata angekuwa bingwa. Tena Nyerere hakuzichanganya Injili kuwa habari moja. Kila moja ameiacha na njia yake. Msomaji mvivu atachoka kusikia kisa kile kile mara ya pili na ya tatu. Sisi twamshukuru kwa uaminifu huo, maana Mungu alitupa mashahidi wanne.

Wako wazee wasemao ya kwamba kuitia Injili katika vina ni kuigeuza ngoma. Twawaheshimu, lakini twawauliza: hizo nyimbo tuimbazo Jumapili zilitoka wapi? Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na nyimbo za Kijerumani. Waliozifasiri walilazimika kupunguza neno hapa na kuongeza neno pale ili tuni ikubali, nasi twaziimba kwenye mazishi na kwenye harusi, na mioyo yetu yafarijika. Wala hakuna aliyezichukua kuwa badala ya Biblia. Tenzi nazo zipewe mahali pale pale: si juu ya madhabahu badala ya Kitabu, bali kando yake.

Tena tusiwasahau wasiojua kusoma. Mama aliyesikia ubeti mara tatu aweza kuushika, akautoa tena shambani akichuma chai au akipalilia migomba. Kina ni kamba ya kufungia maneno yasitoroke kichwani. Nadhani zetu zatuambia hiyo ndiyo sababu mzee aliyekwisha kuweka chini mzigo wa nchi alichukua kalamu kwa kazi ndefu namna ile.

Basi shauri letu ni hili. Mwenye kuzipata Tenzi hizo na azisome kwa sauti nyumbani jioni, mtu mwingine akiwa na Biblia wazi mbele yake. Palipo na tofauti, simameni, mwulizane: Je, neno hili ni la Mwinjilisti, au ni la mizani? Watoto watajifunza mambo mawili kwa mara moja, kuyapenda Maandiko na kuipima lugha. Nasi walimu tuwape vijana kazi ya kutunga beti tano tu juu ya habari moja waijuayo, wahesabu mizani kwa vidole, tuone ni nani atakayesema tena kwamba ushairi ni wa Pwani.